Vigarimoshi katika Nchi Isiyo na Reli

Reli haijawahi kufika Migori wala Homa Bay. Mwaka 1901 njia iliyotoka Mombasa ililifikia ziwa mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo, ikaishia hapo. Watu wa upande wa kusini wa ghuba ya ziwa hilo waliijua reli kwa umbo la meli, kwa sababu vyombo vya shirika hilo hilo la reli ndivyo vilivyotia nanga Kendu Bay na Homa Bay kupakia mizigo na abiria. Hata reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na kusogea hadi Naivasha mwaka 2019, haikuelekezwa huku. Kwa hiyo kuja hapa na swali la namna ya kutia bei mkusanyiko wa treni za mfano, vile vigarimoshi ambavyo wazee wa Uingereza na Ujerumani hupanga kabatini, ni kama kwenda Wajir kuulizia bei ya ndoana. Nimekuja nalo makusudi. Swali lenyewe ni hili: mtu amefariki, ameacha sanduku la vichwa vya treni na mabehewa, na warithi wake wanataka kuliuza kwa mfanyabiashara atakayeliuza tena. Waombe kiasi gani? Jibu linalotolewa kila mara ni kufungua orodha ya bei, kutafuta kila kipande, kisha kujumlisha. Naamini jibu hilo limepotoka tangu mwanzo, na barabara inayotoka Isebania hadi Homa Bay imejaa watu wanaojua limepotokea wapi, ingawa wengi wao hawajawahi kukanyaga behewa.

Barabara kuu ya A1 inaingia Kenya pale Isebania, ng'ambo ya pili ikiwa Sirare ya Tanzania, na haichukui muda kabla nguo hazijaanza kuonekana zikining'inia kando ya lami. Isebania, mji wa Migori, Awendo, Rongo: kila soko lina safu yake ya mitumba, na hakuna biashara iliyo karibu zaidi na ile ya vigarimoshi, hata kama kwa macho haziko karibu hata chembe. Neno lenyewe linashuhudia. Mtumba kwa asili ni furushi, mzigo uliofungwa. Kiswahili kiliuona mzigo kwanza na nguo baadaye, jina la kifungashio likahamia kwenye kilichomo. Jina jingine la zamani, kafa Ulaya, lilitaja chanzo cha mali. Kwa nguo lilikuwa utani zaidi, maana wengi wanaozitoa wako hai, wamechoka tu na rangi. Kwa vigarimoshi ni kweli tupu: mkusanyaji hauzi akiwa mzima. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliwahi kukubaliana kuiaga mitumba ifikapo 2019, Kenya ikajiondoa mwaka 2017 baada ya Marekani kugusia upendeleo wa kibiashara wa AGOA. Mwaka 2020 uingizaji ukasimamishwa kwa miezi kadhaa kwa hofu ya korona, kisha ukarejea. Wanaojadili sera husema nguo rahisi ndizo zilizotetewa. Mimi naona kilichotetewa ni mlolongo mrefu wa watu ambao kazi yao ni kuligawa furushi, na kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuitia bei.

Belo la nguo, kwa kawaida la kilo 45 hivi, huuzwa likiwa limefungwa. Mnunuzi anajua aina tu: blauzi, mashuka, nguo za watoto, mara nyingine vichezeo. Haoni kilichomo ndani. Anacholipia ni wastani wa matumaini yake, kupunguza woga wake. Likifunguliwa, wateja wa kwanza wanachomoa kamera, vile vipande visivyo na doa ambavyo vitavaliwa ofisini au kuuzwa tena dukani. Wanaofuata wanapata vya kati. Mwisho inabaki fagia, inayouzwa kwa fungu au kwa bei ya kutupa. Tazama bei inavyokwenda. Gauni la kamera linaweza kuuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya wastani ya kipande cha belo, na wala halimfanyi aliyeuza belo zima kuwa mjinga, kwa sababu bei hiyo haikuwamo ndani ya belo lilipokuwa limefungwa. Imezaliwa na mtu aliyelifungua, akapanga, akapiga pasi, akakaa juani siku tatu, akajua mwalimu fulani anapenda rangi gani. Mfanyabiashara wa Migori hajumlishi bei za kamera ili ajue belo lina thamani gani. Anauliza mambo mawili: fagia itakuwa kiasi gani, na itamchukua siku ngapi kufika huko. Mrithi mwenye sanduku la vigarimoshi hayaulizi hayo hata kidogo, na hapo ndipo anapokosea.

Sanduku lenyewe ni belo lililofungwa zaidi kuliko linavyoonekana. Chukua Hornby Dublo, vigarimoshi vilivyoanza kutengenezwa na kampuni ya Meccano ya Liverpool mwaka 1938. Vichwa viwili vya toleo moja, rangi moja, mwaka mmoja, vinaweza kupishana bei mara kadhaa kwa sababu kimoja kina boksi lake la karatasi na kingine hakina. Kimoja kimepakwa rangi upya na mwenyewe kwa mapenzi, na mapenzi hayo yamekishusha thamani. Kingine kinang'aa kabatini lakini injini imekufa. Vipo vya zamani vilivyosubiwa kwa mchanganyiko wa zinki uliochafuliwa na risasi. Metali ya namna hiyo huvimba, hupasuka na kumeguka yenyewe kadiri miaka inavyokwenda, na hakuna fundi wa kuitibu. Kisha kuna upana wa reli. Treni za kipimo cha H0, moja kwa 87 ya treni halisi, hupita kwenye njia ya milimita 16.5, lakini reli ya kale ya Kenya ilikuwa na upana wa mita moja, kwa hiyo mfano wake sahihi unahitaji njia ya milimita 12 hivi. Mfano wa Garratt ya daraja la 59, vichwa 34 vya reli hiyo vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima, hauwezi kutembea kwenye njia za wakusanyaji walio wengi. Ni kipande kinachotuhusu sisi kuliko chochote sandukuni, maana Mount Gelai mwenyewe yuko Makumbusho ya Reli pale Nairobi, na ndicho chenye wanunuzi wachache zaidi. Orodha ya bei haiyaoni mambo haya. Inakitaja kipande kana kwamba kila kilichoandikwa jina hilo ni kamera.

Nifanye hesabu ya mfano, tarakimu zikiwa za kubuni lakini umbo lake likiwa la kweli. Tuseme sanduku lina vipande 60, na orodha inasema jumla ni shilingi 240,000. Kwa kawaida vipande vichache hubeba uzito mkubwa, basi vitano vya kwanza vina nusu yake, 120,000, na vingine 55 vinagawana nusu iliyobaki, kama 2,180 kila kimoja. Mfanyabiashara anaweza kuviuza vile vitano kwa asilimia 80 ya orodha: 96,000. Ishirini vya kati vitatoka polepole kwa nusu ya bei, karibu 22,000. Thelathini na tano vya mwisho ni fagia, viende kwa shilingi 300 kimoja, 10,500. Mapato yote ni 128,500. Ondoa sehemu moja ya tano kwa posta, kamisheni, vilivyovunjika njiani na vilivyorudishwa, zinabaki 102,800. Sasa mtu huyo akimpa mrithi 80,000, theluthi moja tu ya orodha, amebakiwa na 22,800 kwa kazi ya kukagua, kusafisha, kupiga picha, kujibu maswali na kufunga vifurushi 60. Ikimla saa 120, amelipwa shilingi 190 kwa saa, na fedha yake imelala sandukuni mwaka mzima. Mrithi anayesikia neno theluthi hudhani ameibiwa. Mwenye kibanda cha mitumba Migori angeuliza kwa nini huyu bwana ametoa nyingi namna hiyo.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu liko hapa hapa Migori, chini ya ardhi. Magharibi ya mji, kuelekea Macalder, ambako mgodi wa wakati wa ukoloni ulichimba shaba na dhahabu, maelfu ya wachimbaji wadogo bado wanateremka mashimoni, na Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewatambua rasmi. Dhahabu ina bei moja inayojulikana duniani, inapangwa London mara mbili kila siku ya kazi kwa aunsi ya gramu 31.1, na mwenye simu yoyote kijijini anaweza kuisoma. Basi, mpingaji atasema, kitu chenye thamani kina thamani popote kilipo, na dalali anayelipa pungufu ni dalali tu. Lakini dhahabu ni kitu cha pekee kwa sababu moja: inayeyuka. Punje kutoka mashimo kumi zikitiwa motoni zinakuwa donge moja, na mnunuzi hajali ilikotoka bali uzito na usafi wake. Kigarimoshi kikiyeyushwa ni bati na zinki kwa kilo. Thamani yake yote imo katika yale ambayo moto ungeyafuta: jina, mwaka, rangi, boksi. Vitu vya namna hiyo havina bei ya dunia. Vina mnunuzi fulani, mahali fulani, siku fulani. Na hata dhahabu, pamoja na bei yake ya London, hainunuliwi shimoni kwa bei ya London. Anayelipa taslimu jioni hiyo hiyo, ambaye pengine ndiye aliyekopesha pesa za pampu na chakula, anakata kwa uchafu uliomo, kwa safari, kwa hatari ya njiani na kwa ule mkopo. Ikiwa kitu rahisi kuliko vyote kukitia bei kinakatwa hivyo, sanduku la vipande 60 visivyofanana litaponea wapi?

Kuna sehemu ya biashara ya dhahabu inayonifunza zaidi kuliko donge lenyewe. Mawe yakishasagwa na vumbi lake kuoshwa kwa zebaki, sumu ambayo dunia inajaribu kuiondoa kupitia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, sehemu kubwa ya dhahabu, mara nyingi zaidi ya nusu, inabaki kwenye udongo uliooshwa. Mchimbaji anajua imo. Hawezi kuitoa. Udongo huo huuzwa kwa bei ndogo kwa mwenye matangi ya sianidi, na yeye anaikamua ile iliyobaki. Je, mchimbaji ameuza dhahabu kwa bei ya udongo? Ukitazama kilichomo, ndiyo. Ukitazama anachoweza kufanya nacho, ameuza udongo. Warithi wa vigarimoshi wako hapo hapo: sanduku lina thamani ambayo wao hawana matangi ya kuitoa. Matangi katika biashara yao ni kumbukumbu ya miaka 20, marafiki wanaokusanya, meza kwenye maonyesho, jicho la kutambua rangi isiyo ya kiwandani. Mtu anayetaka bei ya dhahabu ni sharti awe na matangi, la sivyo auze udongo, na akiuza udongo aupigie bei kwa kujua kwamba mnunuzi ana mtambo.

Rongo barabara zinaachana: A1 inapanda kuelekea Kisii, na nyingine inateremka ziwani hadi Homa Bay. Huko chini mkusanyiko una magamba. Sangara, ambaye Waluo humwita mbuta na ambaye hakuwa wa ziwa hili mpaka alipotiwa humo katika miaka ya 1950, ni sanduku la vipande kama lile la vigarimoshi. Minofu huenda kiwandani na kutoka huko huuzwa nje, Ulaya ikiwa soko la zamani. Mifupa na kichwa, mgongo wazi, hurudi kwa akina mama wanaokaanga na kuuza kwa watu wasiomudu minofu. Bondo, kile kibofu cha hewa tumboni, hukaushwa na kusafirishwa China, ambako kilo yake ina bei inayoiacha kilo ya minofu mbali sana. Mvuvi anayefika ufukweni Mbita au Sindo huuza samaki mzima kwa kilo. Bei hiyo si jumla ya minofu ya Ulaya na mgongo wazi wa Homa Bay na bondo la China, na haiwezi kuwa, maana kila kipande kina safari yake, barafu yake au jua lake, na mtu wake. Lakini, na hapa napunguza ukali wa hoja yangu, bondo limebadilisha mambo ufukweni. Kulipojulikana kwamba ndani ya samaki kuna kitu cha bei hiyo, bei ya samaki mwenyewe haikuweza tena kuwekwa kana kwamba hakimo. Kujua kipande kimoja chenye thamani hakukufanyi uwe na masoko yote, ila kunakupa neno la kusema mizani inapoletwa.

Vijana watauliza kuhusu intaneti. Siku hizi, watasema, mtu yeyote Homa Bay anaweza kupiga picha kigarimoshi kilichotoka kwenye belo la vichezeo, akakitafuta eBay, akaona kimetajwa kwa pauni 200. Kweli kabisa, na ndicho chanzo cha masikitiko mengi. Bei anayoiona ni ya mtu anayetamani, aliyekiweka hapo miezi minane bila kuulizwa. Bei iliyolipwa ni nyingine, iko chini, na haipendezi kuitazama. Halafu mnunuzi yuko Leeds. Kukifikisha kwake kutoka Homa Bay kunahitaji kifurushi kisichopondeka, fomu za forodha, njia ya kupokea malipo ambayo mnunuzi wa huko anaiamini, na jina la muuzaji lenye historia ya mauzo, ambalo muuzaji wa mara ya kwanza hana. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kupatikana. Vyote kwa pamoja, kwa ajili ya kichwa kimoja cha treni, vinazila zile pauni 200 mpaka zibaki mifupa. Umbali unaofutwa na intaneti ni wa macho. Wa mikono bado uko palepale. Sisemi mtu asitafute. Atafute ili ajue kipi ni bondo, kisha aache kuutazama ule ukurasa kama hundi.

Pingamizi la mwisho ni la haki, na ndilo ninaloliheshimu. Kumwambia asiyejua kwamba bei ndogo ni bei sahihi ni maneno matamu kinywani mwa dalali. Wachimbaji wa Macalder, wavuvi wa Mbita na warithi wa Liverpool wote wameyasikia kutoka kwa mtu mwenye mizani iliyochezewa. Nakubali. Tofauti kati ya kulipia kazi ya kugawa na kulipia ujinga wa muuzaji ni kubwa, ila tarakimu ya mwisho pekee haiwezi kuionyesha. Theluthi ya orodha inaweza kuwa ukarimu au wizi. Tofauti huonekana katika mwenendo wa mazungumzo. Mnunuzi mwaminifu atataja vipande anavyovitaka na kwa nini, atasema fagia ni ipi, ataeleza hesabu yake kama nilivyoieleza ile ya shilingi 80,000. Anayetaka kununua sanduku bila kulifungua, huku akisema vyote ni takataka tu, anajua kuna kitu ndani. Ndiyo maana ningemshauri mrithi afuate ustaarabu wa soko la mitumba: afungue belo mwenyewe, achomoe vipande vitano sita vya kamera, avitafutie wanunuzi mmoja mmoja bila haraka, kisha vilivyobaki aviuze kwa mkupuo kwa bei ya kilichobaki. Atapata zaidi ya zile 80,000, na kazi itakayomla ni ya vifurushi vitano sita tu. Ila akishachomoa kamera asiombe theluthi ile ile kwa mabaki. Kila mwenye kibanda anajua bei ya belo ambalo limeshapitiwa.

Inabaki fagia, ambayo waandishi wa orodha za bei hawaitaji na wafanyabiashara wa Leeds huitupa kwenye boksi la chini ya meza. Behewa lisilo na kichwa, lenye ndoana moja ya kuunganishia, rangi imebabuka, reli yake haipo popote katika kaunti hizi mbili. Kwa mkusanyaji halina bei. Katika soko la Homa Bay, chini ya kilima cha Asego, huwekwa kwenye turubai pamoja na magari yasiyo na magurudumu na wanasesere wenye mkono mmoja, na linauzwa, kwa sababu mnunuzi wake wa mwisho haulizi lilitengenezwa mwaka gani. Ana uzi.